Sisi Tulibaki na Majina ya Stage

Wasee, tangu nirudi kutoka Marekani kuna post nimekuwa nikiikwepa. Wengi mliniuliza mbona niliweka picha moja tu ya ule usiku wa Atlanta na hakuna video. Sababu ya kwanza ni ya aibu: simu ilizima kabla shoo ifike nusu. Sababu ya pili ni ndefu, na ndiyo post yenyewe, kwa hivyo tafuta mahali ukae.

Nilikuwa nimeenda kumtembelea mjomba wangu. Anaishi Marietta, kaskazini mwa Atlanta, na kama una mtu wa ukoo aliye Georgia basi kuna uwezekano mkubwa ni hapo ama mtaa jirani. Wakenya wamejaa huko mpaka unaweza kukaa wiki nzima usikie Kikikuyu na Kiswahili kuliko Kiingereza. Anko ameishi huko zaidi ya miaka ishirini. Ni mtu wa kazi, kanisa na mpira wa Jumamosi, basi. Kwa hivyo aliponiambia amenunua tiketi mbili za shoo pale Fox Theatre, nilishangaa. Bei yenyewe ilikuwa imeandikwa kwenye tiketi, na hapa nyumbani hiyo ni kodi ya bedsitter.

Nikamuuliza, "Anko, tunaenda kumwona nani?"

Akasema, "Huyo mwanamuziki ni wako. Mimi naenda kuona nyumba."

Sitawaambia alikuwa mwanamuziki gani, maana najua comments zitageuka kuwa za mwanamuziki na si za nyumba.

Tuliacha gari karibu na stesheni ya Arts Center tukapanda treni, stesheni mbili tu, tukashuka North Avenue. Ukitoka pale chini unatokea miguuni mwa jengo refu la ghorofa 47. Anko akanisimamisha. Akaniambia niliangalie vizuri hilo jengo, nilikumbuke, atanieleza baadaye. Tukatembea kidogo hadi Peachtree Street, na hapo nikaona neno FOX limesimama wima kwa taa ukutani, na nyuma yake kuba kama za msikiti na kitu kama mnara wa muadhini.

Niseme ukweli: nilidhani tumepotea. Nilipiga picha nikamtumia rafiki yangu wa Mombasa, na jibu lake lilikuja kabla tuvuke barabara: "Huo msikiti kibla yake iko wapi?"

Haina kibla. Hadithi yake ni kichekesho kidogo. Katika miaka ya 1920 kulikuwa na chama cha wanaume, tawi la Wamasoni, wanaoitwa Shriners. Hawakuwa Waislamu na hawakuwa Waarabu, lakini walipenda kujipamba kama Waarabu: kofia nyekundu za tarbushi, majina ya Kiarabu, mikutano ya siri. Tawi lao la Atlanta liliitwa Yaarab Temple. Wakaamua kujenga makao makuu wakayaita msikiti. Wakati huo Marekani yote ilikuwa imepagawa na mambo ya Misri kwa sababu kaburi la Tutankhamun lilikuwa limepatikana mwaka 1922. Basi wasanifu wakachanganya kila kitu: Alhambra ya Hispania huku, hekalu la Karnak kule, matofali ya rangi mbili yaliyopangwa mistari mistari, na ukumbi wa dansi uliochorwa kama hekalu la Farao. Ukiwa mtu wa Pwani ama umewahi kutembea Lamu, utacheka. Ni Uislamu wa mtu aliyeuona kwenye kadi ya posta.

Lakini pesa ziliwaishia katikati, kama ilivyo kawaida ya harambee kubwa. Ili wamalize, wakakodisha ukumbi wao mkubwa kwa William Fox, yule tajiri wa filamu ambaye jina lake bado mnaliona kwenye skrini. Fox alitaka jumba la sinema, na si jumba dogo. Wakafungua milango siku ya Krismasi ya mwaka 1929. Hesabu tarehe. Soko la hisa la New York lilikuwa limeporomoka Oktoba, miezi miwili tu kabla. Watu walikuwa wanapoteza kazi, na hapa kuna jumba jipya la viti zaidi ya elfu nne. William Fox mwenyewe alinyang'anywa kampuni yake mwaka uliofuata. Kufikia 1932 jumba lilikuwa limefungwa. Baadaye lilifunguliwa tena chini ya watu wengine, na kuanzia hapo likaishi maisha yake marefu ya sinema.

Sasa twende ndani, maana hapa ndipo nilinyamaza.

Unapita ukumbi mrefu wa mlangoni, unaingia, unapanda kidogo, halafu paa linatoweka. Juu yako kuna anga la usiku. Nyota 96, na baadhi zinapepesa kama za kweli. Mawingu yanapita polepole. Kuta za pembeni ni kama ngome ya mji wa kale, na wewe umekaa uani, chini ya mbingu. Juu ya viti vya ghorofani kuna hema kubwa la mistari, kama la Mabedui, limefungwa kwa kamba. Nililiangalia dakika nzima nikisubiri upepo ulitikise. Kumbe si kitambaa. Ni plasta na vyuma, na kazi yake ni kusukuma sauti ifike hadi mtu wa nyuma kabisa.

Mjue kwamba haya majumba yalijengwa mamia Marekani nzima kati ya miaka ya 1910 na 1930. Wazo lilikuwa la kibiashara sana: filamu yenyewe ni dakika chache za picha nyeusi na nyeupe, kwa hivyo uza jengo. Mpe mtu wa kawaida, fundi, karani, mama wa nyumbani, saa mbili za kukaa kama mfalme kwa senti chache. Mpe zulia, mpe hewa baridi wakati kwake ni joto, mpe kinanda. Kinanda cha Fox kinaitwa Mighty Mo, kifupi cha Möller, kampuni iliyokitengeneza. Kina mabomba 3,622. Mabomba, wasee, kila moja na sauti yake, mengine marefu kuliko matatu ikisimamishwa wima na mengine madogo kama kalamu. Kilitengenezwa kwa ajili ya filamu bila sauti, halafu filamu zikaanza kuongea hata kabla jumba halijafunguliwa. Ni kama kununua kibanda kizuri cha simu mwaka ambao simu za mkononi zinaingia. Hata hivyo walikipiga, watu wakaimba nacho, hadi kikaharibika na kunyamaza miaka mingi.

Tulikuwa tumefika mapema. Anko hakukaa kitini. Alizunguka kama mkaguzi wa majengo, anagusa ukuta, anaangalia juu. Halafu akasema, "Twende nje kidogo kabla haijaanza." Nikamwambia shoo inaanza. Akasema itanisubiri.

Tukazunguka hadi upande wa Ponce de Leon Avenue. Huko hakuna zulia wala bango la taa. Kuna ukuta wa matofali na ngazi za nje zinazopanda juu, juu, hadi kwenye mlango mdogo wa ghorofa ya mwisho.

"Hizi ndizo zilikuwa zetu," Anko akasema. Yeye ni mtu wa Nyeri, hakuwahi kuzipanda kwa lazima. Lakini nilielewa "zetu" yake.

Kwa zaidi ya miaka thelathini, Mmarekani Mweusi aliyetaka kuona filamu Fox hakuruhusiwa kupita Peachtree Street. Hakupita kwenye ule ukumbi mrefu wa mlangoni. Hakukanyaga zulia. Alilipa pesa yake, akapanda ngazi hizi za nje, mvua ama jua, akaketi kule juu kabisa nyuma. Ilikuwa hivyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati harakati za haki zilipolazimisha majumba ya Atlanta kufungulia watu wote. Na hili halikuwa jambo la Fox peke yake. Filamu ya Gone with the Wind ilipozinduliwa Atlanta mwaka 1939, katika jumba lingine la downtown liitwalo Loew's Grand, Hattie McDaniel aliyeigiza humo na ambaye angeshinda Oscar kwa kazi hiyo hakuweza kuhudhuria, kwa sababu sheria za Georgia za ubaguzi zisingemruhusu kuketi na wenzake. Katika sherehe ya dansi iliyofanywa kuadhimisha filamu hiyo, kwaya ya kanisa la Ebenezer iliimba, na mmoja wa watoto waliokuwa kwenye kwaya alikuwa mvulana wa miaka kumi. Jina lake Martin Luther King Jr.

Nilisimama chini ya zile ngazi nikaanza kukasirika. Dakika kumi zilizopita nilikuwa nimeangalia zile nyota nikiwa na machozi karibu. Sasa nikawa najiuliza, hizo nyota ziliwekewa nani?

Na hapo Anko akaniambia habari ya babu, ambayo sikuwahi kuisikia. Babu yetu alikuwa mpishi kwa Wazungu Nairobi miaka ya 1950. Jumamosi jioni aliwapeleka wenye nyumba sinema tao, akiwa amebeba makoti na mtoto akilala, kisha akangoja nje hadi filamu iishe. Hakuwahi kuingia. Kenya ya mkoloni haikuhitaji hata ngazi za nje: filamu zilipitia kwa wakaguzi, na nyingine zilipitishwa kwa masharti kwamba Mwafrika asionyeshwe. Eti tungepata mawazo mabaya. Tukiona Mzungu analewa ama anapigwa ngumi kwenye skrini, heshima ingeisha. Baada ya uhuru milango ikafunguka, na Anko, mtoto wa yule aliyengoja nje, akawa mteja wa kudumu wa Odeon. Kung fu, filamu za Kihindi, chochote. Anasema alijua mapigano yote ya Bruce Lee kabla ajue hesabu ya kugawanya.

"Kwa hivyo sijui kuchukia jumba la sinema," akaniambia. "Nilifundishwa kulitaka."

Turudi ndani. Nawaahidi jengo la ghorofa 47, sijasahau.

Baada ya vita vya pili vya dunia, Wamarekani wenye pesa, hasa Wazungu, walihamia nje ya miji. Televisheni ikaingia sebuleni. Sinema ndogo ndogo zikafunguliwa kando ya barabara kuu na kwenye maduka makubwa, zenye pa kuegesha gari. Nani tena alikuwa na haja ya kwenda tao kukaa na watu elfu nne? Majumba yakaanza kuanguka moja baada ya jingine, na mahali pake pakawekwa maegesho. Fox ilijikongoja. Filamu yake ya mwisho kama sinema ya kila siku ilikuwa The Klansman, yenye habari ya Ku Klux Klan. Ungeandika hivyo kwenye hadithi ya kubuni mhariri angekwambia umezidisha.

Kampuni ya simu, Southern Bell, ilitaka kipande hicho cha ardhi ijenge makao makuu. Mpango ulikuwa kubomoa. Hii ni 1974. Jambo la ajabu ni kwamba watu walikataa. Wanafunzi wa shule, wapenzi wa kinanda, wanamuziki, mabibi wa opera (kwa miaka mingi Metropolitan Opera ya New York ilikuwa ikija Fox kila mwaka), watu waliopata mchumba wao kwenye viti vile, wote wakaanza kukusanya sahihi na kufanya maonyesho ya kuchanga pesa. Save the Fox, wakaiita. Meya wakati huo alikuwa Maynard Jackson, aliyeingia ofisini Januari 1974 akiwa Mweusi wa kwanza kuongoza Atlanta. Umri wake, angekuwa kijana wa kawaida tu anayetaka kuona filamu Fox, angeonyeshwa zile ngazi za Ponce de Leon. Utawala wake haukukimbilia kutoa kibali cha kubomoa. Muda ukapatikana, na mara nyingi muda ndio kila kitu.

Kikaundwa chombo kisicho cha kutafuta faida, Atlanta Landmarks. Wakakopa dola milioni 1.8. Hawakuwa na serikali nyuma yao ya kuwalipia. Walipata ardhi jirani, wakabadilishana na kampuni ya simu: nyinyi jengeni pale nyuma, sisi tuachieni jumba. Ndiyo maana lile jengo la ghorofa 47 liko pale lilipo, juu ya stesheni ya treni, na Fox iko mbele yake kama mzee mfupi aliyekataa kuondoka kwenye foleni. Kila mtu anayeshuka North Avenue kwenda kwenye shoo anapita chini ya kampuni iliyoshindwa. Anko anaipenda hiyo sehemu ya hadithi sana, aliirudia mara tatu.

Sehemu ambayo mimi napenda ni ya mkopo. Walimaliza kuulipa 1978, kabla ya wakati. Walilipaje? Kwa shoo. Hawakugeuza jumba kuwa makumbusho ya watu kupita wakinong'ona. Walizima projekta, wakawasha jukwaa. Jukwaa lilikuwa hapo tangu mwanzo, kwa sababu majumba ya miaka ya 1920 yalijengwa kwa filamu pamoja na wanenguaji na bendi. Kila tiketi ya roki, ya baleti, ya mchekeshaji, ilikuwa tofali. Julai 1976 Lynyrd Skynyrd walipiga hapo siku tatu mfululizo na kurekodi albamu ya moja kwa moja, One More from the Road. Hebu fikiria, muda si mrefu kabla ya hapo jengo lilikuwa linangoja nyundo.

Na kulikuwa na mtu anaitwa Joe Patten. Huyu alikuwa fundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alijitolea kufufua kile kinanda kilichonyamaza, bomba kwa bomba. Baadaye akapewa nyumba ndani ya Fox, akaishi humo zaidi ya miaka thelathini, akizunguka usiku kwenye korido za giza, mpaka watu wakamwita mzimu wa Fox. Alifariki Aprili 2016. Mwezi huohuo, tarehe 14, Prince alipiga shoo mbili Fox kwa usiku mmoja, yeye, kipaza sauti na piano, peke yake. Ndizo zilikuwa shoo zake za mwisho. Siku saba baadaye akafa. Nilipojua hilo, nikiwa nimekaa chini ya zile nyota, nikageuka kuangalia jukwaa tupu kwa macho mengine. Mtu mdogo, Mweusi, viatu vya kisigino, katikati kabisa ya jumba ambalo baba yake angeingilia ngazi za nje.

Shoo ilianza. Ilikuwa nzuri. Sauti ilifika, plasta ilifanya kazi yake. Simu ikazima, nikamshukuru Mungu kidogo.

Lakini nina neno, na kwa sababu hii ni post yangu nitalisema. Watu wakisimulia Fox wanaisimulia kama hadithi tamu ya jamii iliyookoa jengo lake. Ni kweli. Ila uliza pia ni jengo la nani linaokolewa. Katika miaka ileile ambayo Weusi walipanda ngazi za nje, walikuwa na majumba yao. Kwenye Decatur Street kulikuwa na 81 Theatre, ambapo Bessie Smith aliimba akiwa bado msichana anayetafuta jina. Leo halipo. Kwenye Auburn Avenue, mtaa wa biashara za Weusi, kulikuwa na Top Hat, iliyofunguliwa 1938 na baadaye ikaitwa Royal Peacock, na kila mwanamuziki mkubwa Mweusi alipita hapo. Jengo hilo lipo, lakini barabara kuu ya magari ilikatwa katikati ya Auburn Avenue, ikaupasua mtaa mara mbili. Unaweza kuwa na jengo na ukose mtaa wa kulijaza. Nilienda kesho yake, peke yangu, kwa miguu kutoka downtown. Unapita chini ya barabara hiyo, magari yananguruma juu ya kichwa, na unaelewa mambo ambayo hakuna kibao kimeandika.

Kwa hivyo Fox iliokolewa kwa sababu ilikuwa nzuri, ndiyo, lakini pia kwa sababu watu wenye wakili, wenye benki na wenye nafasi kwenye gazeti waliipenda. Sisemi isingeokolewa. Nasema zile sahihi zina anwani.

Na hapo ndipo nilianza kufikiria nyumbani, nikakosa usingizi.

Sisi tulikuwa na sinema tao mpaka unachagua. Kenya Cinema, 20th Century, Cameo, Embassy, Odeon, Globe, Nairobi Cinema. Tulikuwa na drive-in, Bellevue kule Mombasa Road, na nyingine Thika Road ilikuwa inaitwa, msicheke, Fox. Kizazi changu hakijui haya kama majumba. Tunayajua kama vituo. "Nishushe Bellevue." "Tupatane Odeon." "Jam imeanzia Globe." Tumeyataja maisha yetu yote bila kuuliza kwa nini mzunguko wa barabara unaitwa dunia kwa Kiingereza. Ukitaka kujua Nairobi ilicheka wapi miaka ya 1970, uliza makanga.

Sababu za kufa kwao ni zilezile na tofauti. Video zikaja miaka ya 1980, kisha CD za mtaani za shilingi hamsini, kisha sinema za maduka makubwa zenye maegesho. Tao ikaanza kuogopwa usiku. Wenye majumba wakafanya hesabu, na mpangaji aliyekuja na pesa taslimu mara nyingi alikuwa kanisa. Sina ubaya na hilo. Kanisa angalau linahitaji ukumbi, viti na sauti, kwa hivyo halibomoi. Pengine makanisa yameokoa kumbi za sinema Nairobi kuliko mtu yeyote, na hakuna aliyewapa shukrani. Nitapigwa mawe kwa hili lakini ni wazo langu.

Tena si kweli kwamba hatukuwahi kufanya alichofanya Atlanta. Shan Cinema ya Ngara, ambayo ilikuwa ya filamu za Kihindi, ilichukuliwa na Sarakasi Trust ikawa Sarakasi Dome. Mahali pa wanasarakasi, wacheza dansi na bendi kufanya mazoezi na shoo. Ni jambo lilelile: projekta imezimwa, jukwaa limewashwa. Wangapi kati yenu mmeingia? Mimi nimepita Ngara maisha yangu yote nikienda kununua nguo na sikuwahi kugeuza kichwa, halafu nikapanda ndege saa kumi na saba kwenda kushangaa jambo ambalo lilikuwa nyuma ya stage.

Fox haikuokolewa na mapenzi peke yake. Wanafunzi walilia, sawa, lakini kilichoiweka hai ni kwamba kila wiki kuna kitu ndani na watu wanalipa. Sisi ni wazuri sana wa kulia jengo likishaanguka. Tunapost picha nyeusi na nyeupe, tunaandika "Nairobi ya kitambo", tunapata likes, tunaenda kula. Hata mimi. Nimepata views nyingi sana kwa picha za majengo ambayo sikuwahi kulipia tiketi.

Usiku ule tulirudi Marietta kimya. Kwenye gari Anko akaniomba kitu kimoja: nikifika Nairobi nimpigie picha Odeon. Si stage, akasisitiza, nyumba. Upande wa mbele, kutoka ng'ambo ya barabara, mahali foleni ya tiketi ilikuwa ikianzia.

Nilienda Jumamosi iliyopita. Kupata nafasi ya kusimama tu ilikuwa kazi. Makanga wawili walinivuta mikono, mmoja huku mwingine kule, kila mmoja akiwa na hakika anajua naenda wapi. Mama muuza njugu akaniuliza napiga picha ya nini, nikamwambia ya sinema. Akaangalia nyuma yake, juu, kama mtu aliyeambiwa kuna ndege paani.

"Sinema gani?"

Nikamwonyesha. Akaangalia tena, muda mrefu kidogo. Kisha akasogeza karai lake la njugu pembeni ili lisiingie kwenye picha.

Nilimtumia Anko picha saa tano asubuhi, kwake ilikuwa usiku wa manane. Alijibu palepale. Hakusema ahsante. Aliandika tu, "Mlango ulikuwa kushoto," kisha dakika moja baadaye, "Na huyo mama amesimama mahali pangu."